Mwache Mwenzio Njiani

Mashine ilikuja vipande vipande kwa lori la kukodi, na ilipokwisha kuunganishwa ilikuwa imekimeza chumba chote cha chini ya nyumba. Fremu peke yake ni futi 12. Ukitaka kuifikia mashine ya kufulia inabidi upite ubavuubavu, tumbo ndani, na Baba Neema, ambaye tumbo lake halijui kuingia ndani, akaacha kufua kabisa. Nilimuuliza kama hilo nalo lilikuwamo kwenye mahesabu yake. Hakujibu.

Maana mahesabu yalikuwa yake. Mimi ni fundi cherehani, kazi nimefundishwa na shangazi yangu kwenye baraza ya duka la vitambaa Tanga, na nilichotaka ni kwenda kuangalia tu. Tunaishi Lexington, Kentucky, na jimbo hili lina wazimu wa mifarishi ya viraka usio na dawa. Kule Paducah, unapokutana mto Ohio na mto Tennessee, kuna jumba la makumbusho la mifarishi lililofunguliwa mwaka 1991, na mwaka 2013 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha yake ya miji ya ubunifu kwa ajili ya kazi za mikono. Kila majira ya machipuko wanafanya maonyesho, hoteli zinajaa, wenyeji wanapangisha vyumba vya watoto wao. Sisi tulikwenda siku tulivu. Mimi nikawa natazama mishono. Baba Neema akawa anatazama watu wanaotazama mishono, na kabla hatujarudi kwenye gari alikwisha kuuliza na kujibiwa kwamba mwenye mashine ya mkono mrefu huwashonea wenzake mifarishi yao, na hulipwa kwa inchi ya mraba. Inchi ya mraba! Chakula cha mchana kilipoa huku yeye akizidisha urefu kwa upana nyuma ya risiti.

"Mama Neema," akasema, "mfarishi mmoja wa inchi 90 kwa 90 ni inchi za mraba elfu nane na mia moja."

"Na mikono ya kuzishona hizo inchi ni ya nani?"

"Yetu."

Hilo "yetu" ndilo lililotuponza.

Kwa msomaji ambaye hajaiona mashine yenyewe: kwenye cherehani ya kawaida fundi anasukuma kitambaa na sindano imesimama palepale. Kwenye hii kitambaa ndicho kilichotulia, na kichwa kizima cha mashine kinatembea juu ya reli, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Wewe unaishika mikono yake miwili kama ya bodaboda na kuiendesha. Mfarishi una tabaka tatu: bitana chini, pamba katikati, na juu kile kitambaa cha viraka. Bitana hufungwa kwenye roli mbili na kukazwa. Pamba hutandazwa juu yake. Kitambaa cha juu, kwa namna nifanyavyo mimi na wengi wenye mashine hizi, hakifungwi kokote. Kinalazwa tu juu ya pamba, na sehemu yake iliyobaki inaning'inia mbele ikisubiri zamu. Unashona kipande kilicho mbele yako, unaviringisha roli, unashona kinachofuata.

Sasa kitambaa kisichofungwa kokote kinashikwa na nini? Bandi. Hakuna kingine. Kwanza unapiga bandi ukingo wa juu. Mashine ina komeo la kuizuia isiende mbele wala nyuma, ibaki kukimbia kulia na kushoto tu, na mstari unaopatikana hapo ndio unaoamua unyoofu wa mfarishi mzima. Kisha unapiga bandi kingo za pembeni, kulia na kushoto, mpaka pale mkono wa mashine unapofika. Kila ukiviringisha, unapiga tena. Mishono iwe mirefu, minne kwa inchi inatosha, wakati mshono wa mapambo wenyewe ni kumi mpaka kumi na miwili. Na yote ikae ndani ya robo inchi ya ukingo ili mwishoni utepe wa kumalizia uifunike. Ukiiruka, sindano inavuta kitambaa kuja ndani huku mguu wa mashine ukisukuma mawimbi kwenda nje. Mishono ya viraka inayoishia ukingoni inaachia. Na siku ya kuufungua mfarishi kwenye roli unakuta ulianza na mstatili, umemaliza na trapeza.

Haya bibi wa Kimarekani aliyetuuzia mashine alinieleza mwenyewe, amenishika mkono, akiwa anahamia kwa mwanawe Florida na hana tena pa kuiweka. Kati ya yote aliyonieleza, hilo la kingo alilisema na kulirudia. Baba Neema hakulisikia. Alikuwa nje anafunga kamba za lori.

Mfarishi uliotutia aibu ulikuwa zawadi ya harusi. Binti wa shemeji yangu alikuwa anaolewa Columbus, Ohio, na mimi nikaamua kumshonea kwa kanga. Wapo wanaoona kukata kanga ni dhambi, nami nilikuwa mmoja wao, lakini hizi zilikuwa kanga za mama yangu zilizochakaa mji, mapindo bado mazima, na mama mwenyewe alisema kata mwanangu, zitaoza sandukuni. Vipande vya mji nikavipanga katikati. Mapindo nikayazungusha pande zote. Na kwenye ukingo wa chini kabisa nikaweka jina la kanga moja, zima, bila kuligusa kwa mkasi, likianzia pembe ya kushoto: USIMWACHE MWENZIO NJIANI. Bwana harusi ni dereva wa malori ya masafa marefu. Usia gani tena ungefaa kuliko huo? Mpaka leo najisifu kwa wazo lile.

Pindo la upande wa kushoto lilikuwa limelegea, maana kanga iliyofuliwa miaka mingi hulegea inavyotaka yenyewe. Likilazwa mezani linafanya mawimbi. Si ugonjwa wa kuua. Dawa yake ndiyo hiyo bandi, ukigawa ulegevu kidogo kidogo toka juu mpaka chini usiachie popote ukarundikana.

Jumamosi asubuhi nikapandisha mfarishi kwenye fremu. Nikapiga bandi ukingo wa juu, nikapiga kingo mbili za pembeni mpaka mkono wa mashine ulipoishia, yote kwa uzi mwekundu. Shangazi alitufundisha hivyo: bandi ionekane toka mlangoni, asije mtu akaichanganya na kazi. Kisha nikaenda zamu yangu ya jioni kwenye nyumba ya wazee. Mlangoni nikamwambia Baba Neema kule chini msiguse kitu. Akasema, "Sawa."

Yaliyofuata nayasimulia kwa ushahidi wa Neema, ambaye katika kesi hii ni shahidi na pia mshtakiwa namba mbili.

Baba alishuka kutafuta suruali yake ya kazini. Akaona uzi mwekundu juu ya pindo la kijani na njano. Akanionea huruma. "Maskini mama yako," akasema, "kakosea uzi. Hizi zamu zinamchosha." Akapanda juu, akarudi na wembe, akaifumua bandi yangu yote, juu na pembeni, kwa upole mkubwa, nyuzi akaziweka kwenye kisahani nisije nikasema amechafua sakafu. Kwenye upande wa kushoto wembe ulikula na pindo kidogo, upana wa ukucha wa kidole gumba. Hilo hakulitaja kwenye ripoti yake.

Bandi ilipotoka, kitambaa kikaanza kuteleza. Akakizuia kwa pini. Tano, kwa upana wa inchi 90. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kushuka, na mashine ilikuwa imesimama bure, na inchi za mraba zilikuwa zinamwita, akamwambia Neema: "Mama yako akirudi akute kazi imekwisha." Neema anasema alipinga. Suala la namna alivyopinga huku ameshika taa nimelifungulia faili lake peke yake.

Kabla ya kuwasha, akatazama pamba. Ilikuwa imezidi kitambaa cha juu kwa inchi nne kila upande, inavyotakiwa, maana kitambaa hutembea na pamba lazima ikingoje huko nje. Yeye akaona ubadhirifu. Akashika mkasi, akaipunguza pamba pande zote mbili ikalingana na kitambaa, na masalio akayasokomeza kwenye foronya. Neema ana mto mpya mpaka leo, na kwa haki lazima niseme ni mto mzuri.

Akawasha. Mstari wa kwanza, kwa maneno ya Neema, ulikuwa wa kupendeza. Mstari wa pili mguu ukakutana na pini. Tak! Nusu ya sindano ikabaki kwenye mashine, nusu hatujaipata. Akaweka nyingine. Alipofika karibu na katikati akaanza kusifu jinsi mashine ilivyolainika, inateleza yenyewe, mkono mwepesi sasa, umezoea. Ilikuwa nyepesi kwa sababu uzi wa bobini umekwisha. Alishona upana mzima wa mfarishi kwa uzi wa juu peke yake. Neema akaushika kwa ncha za vidole akavuta, na mstari wote ukaja mkononi mwake. Wakatazamana. Wakakubaliana kwamba hilo mama hana haja ya kulijua.

Huku nyuma kitambaa kilikuwa kinahama. Hakuna bandi juu ya kukishika, hakuna bandi pembeni, na pindo lililolegea liko kushoto, upande uleule ambao mguu wa mashine ulikuwa unakipeleka. Kila wakiviringisha roli, ukingo wa kushoto ulikuwa umesogea nje kidogo kuliko mwanzo. Walipofika chini, pembe ya kushoto ilikuwa imeivuka pamba kwa kiasi cha inchi tatu na nusu, inaning'inia juu ya bitana tupu. Fundi mwingine angesimama hapo. Baba Neema aliitazama, akaikunja ziada yote kwa ndani, akaipiga kiganja. Ukingo ukanyooka. Akaushona, mishono kumi na miwili kwa inchi, kisha akarudi juu yake mara ya pili, kwa uhakika.

Mkunjo uliishia baina ya I na M.

Haikutosha. Alipiga picha. Akawasimamisha mfarishi na Neema mbele ya ukuta, jina limeonekana vizuri, mwanga wa kutosha, akaituma kwenye kundi la ukoo na maneno haya: "Zawadi ya bibi harusi wetu. Mama Neema kamaliza leo. Hongera sana mke wangu." Kwa mapenzi tu, sifa zote akanipa mimi.

Watu wetu wakionyeshwa kanga husoma jina kwanza, rangi baadaye. Na jina likitoka kwa mke wa mtu kwenda kwa bibi harusi, hakuna anayeamini limeangukia pale kwa bahati. MWACHE MWENZIO NJIANI. Kwa binti anayeolewa na dereva wa lori.

Mimi nilikuwa namlisha mzee mmoja uji, simu inatetemeka mfukoni. Nilipopata mapumziko ilikuwa saa nne usiku, na kwa Kigoma saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo mama mkwe wangu huamka na kushika simu. Sauti yake ilikuwa ya kwanza.

"Mama Neema, mwanangu, shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, usipoteze muda. Niambie tu. Huyo kijana ana nini?"

Wifi yangu wa Dar es Salaam alikuwa ameandika "Mmh," na baada ya hapo alama tatu za mshangao. Binamu fulani alishauri tusihukumu kabla ya kusikia upande wa pili. Mwingine alikuwa na rafiki aliyewahi kumwona bwana harusi kwenye kituo cha mafuta Indiana, akiwa na mtu. Ulipofuatilia, mtu mwenyewe alikuwa fundi wa matairi. Picha ilikwisha kuvuka upande wa wakwe, kwa mkono wa nani sijui, na shangazi wa bwana harusi aliuliza kwa adabu kubwa kama kuna jambo familia yao inapaswa kulieleza. Mwisho shemeji mwenyewe, baba wa bibi harusi:

"Shemeji, kwa heshima zote. Kama umesikia neno juu ya mkwe wetu, ungenipigia simu. Mimi ni kaka wa mumeo. Mambo haya hatuyapitishi kwenye blanketi."

Nilipiga nyumbani.

"Baba Neema, umefanya nini?"

"Nimekusaidia."

"Bandi yangu iko wapi?"

"Ile nyekundu? Nimekutolea. Ulikosea uzi, mke wangu, lakini usijali, nyuzi nimezihifadhi kwenye kisahani."

Usiku ule nilishuka chini na koti la kazini bado mwilini. Niliutandika mfarishi sakafuni kwanza, nikaupima: juu ulikuwa umepishana na chini kwa zaidi ya upana wa kiganja. Kisha nikaifumua ile pembe, mishono yake ya mara mbili, nikaukunjua mkunjo, na USI ikatoka, safi, haijapata mwanga toka jioni. Nikapiga picha nikaituma kundini bila neno. Mama mkwe alijibu wa kwanza, alikuwa macho anasubiri. "Haya. Nimeelewa. Mwambie mwanangu aachane na cherehani." Shemeji aliomba radhi kwa simu, akaomba tena, kisha akacheka mpaka mkewe akamnyang'anya simu.

Kufumua kazi ya mashine hii si kuvuta uzi. Unageuza mfarishi, unakata mshono mmoja kila baada ya mishono mitatu au minne kwa upande wa bitana, unaugeuza tena na kuvuta uzi wa juu uje mzima, halafu unarudi kuokota vinyuzi vilivyobaki nyuma kimoja kimoja. Nilimwonyesha Baba Neema kwa mstari mmoja. Iliyobaki aliifanya yeye, usiku kwa usiku, akitoka kazini kwake ghalani, miwani kwenye ncha ya pua, Neema pembeni akiokota vinyuzi. Waliifanya vizuri. Pale wembe ulipouma pindo niliweka kiraka cha kanga hiyohiyo, na usipoonyeshwa huoni. Pamba mpya alilipa yeye, inchi nne za ziada zikiwamo. Risiti ameihifadhi.

Tulipoupandisha tena nilimtaka awepo. Bandi ya juu, komeo limefungwa, uzi mwekundu. Halafu upande wa kushoto, wenye lile pindo la ukaidi. Hapo ndipo kazi ilipo. Nilitia alama nusu ya pindo na nusu ya mahali linapotakiwa kukaa, nikazilinganisha na kuzibana. Nikatafuta nusu ya nusu, nikabana. Na nusu ya hiyo, mpaka ulegevu wote ukawa umegawanyika kwenye vipande vidogo visivyoweza kutengeneza mkunjo. Nikaunyunyizia maji kidogo. Baba Neema alikilaza kitambaa kwa viganja viwili vilivyofunguka, bila kukivuta, maana ukivuta unakirudisha kulekule, na mimi nikashuka na bandi pembeni yake taratibu, pini ikitoka kabla mguu haujaifikia. Wimbi lilikuwa linakuja mbele ya mguu, linapungua, linakwisha. Aliliangalia mpaka mwisho wa pindo.

"Kumbe linameza," akasema.

"Linameza ukiligawa."

Tukaviringisha, tukapiga bandi tena pande zote mbili, tukashona. Pembe ya chini ilifika mahali pake ikiwa na herufi zote. Utepe ukafunika bandi nyekundu na hatukuitoa. Imo humo ndani.

Harusini Columbus mshereheshaji alilisoma jina kwa sauti, akaanza na USI, akatulia kidogo, ukumbi mzima ukacheka, kwa hiyo nadhani habari ilikuwa imetutangulia. Shangazi wa bwana harusi alikuja meza yetu akaupapasa ukingo wa kushoto toka juu mpaka chini kabla ya kunipa mkono.

Wateja tumeanza kupata. Masharti yamebandikwa ukutani: bitana na pamba zizidi inchi nne kila upande, na bandi ya kingo ni lazima, imo kwenye bei, haijadiliwi. Baba Neema ndiye mweka hazina, anapokea mifarishi mlangoni na kupiga hesabu za inchi za mraba. Mkasi na wembe viko kwenye droo yenye kufuli. Ameomba ufunguo, amekataliwa.